SOMO: NAMNA YA KUMVUTA MWENZAKO AKIMBIE PAMOJA NAWE



Umekuja leo kupimisha mtoto kilo, au kupimisha mimba, au kuchukua dawa ya tansio. Ungali unangoja zamu yako kwenye benchi. Soma somo hili polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee kwa sauti, kisha mzungumze pamoja. Somo hili si la mtu mmoja. Ni la watu wawili.

1. Nani anahitaji kukimbia?

Tusidanganyane. Si kila mama wa Katogota anahitaji kukimbia. Mama anayelima mihogo tangu asubuhi, anayechota maji, anayebeba kuni na mzigo wa muhindi mpaka sokoni, huyo mwili wake umekwisha kufanya kazi. Usimsumbue na habari ya mbio. Yeye anahitaji chakula cha kutosha, kupumzika, na mtu wa kumsaidia mzigo.

Lakini wako wamama wengine. Yuko anayekaa katika butiki kutwa nzima. Yuko anayeshona kwa cherehani. Yuko anayeuza kando ya barabara, amekaa juu ya kiti mpaka jioni, kisha anarudi nyumbani kwa moto. Yuko mwalimu, na muuguzi pia. Hao wanakula kama mkulima, lakini hawachoki kama mkulima. Ndipo tansio hupanda, na ugonjwa wa sukari huingia.

Tansio ni mwizi asiyepiga hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote. Siku moja mshipa wa damu katika ubongo unaziba au unapasuka, na mama anapooza upande mmoja. Kwa hiyo hupimwa kwa mashine, haipimwi kwa kusikia tu. Ikipimwa siku mbalimbali na kila mara ikawa 140 kwa 90 au zaidi (waganga wengi hapa kwetu husema 14 kwa 9), hiyo ni tansio ya kutunzwa.

Kutembea kwa haraka na kukimbia, mtu akifanya kila juma bila kuacha, kunaweza kushusha ile namba ya juu kwa alama 5 mpaka 8 kwa mwenye tansio. Hiyo ni faida kubwa. Lakini haiondoi dawa. Mama, usiache vidonge vyako kwa sababu umeanza kukimbia.

2. Kosa langu mimi mwenyewe

Nilipopita miaka arobaini, tansio yangu ilipanda. Kazi yangu ni kufundisha, na mwalimu hukaa sana. Nikaanza kutembea asubuhi, kisha kukimbia kidogo kidogo. Nilipoona faida, nikataka rafiki zangu wote waanze siku ile ile. Nikamwambia mmoja wao mbele ya wengine: "Mama, umenenepa sana. Usipokimbia, tansio itakuua."

Hakuja. Zaidi ya hayo, miezi mitatu hakunisalimia vizuri. Nilisema kweli, lakini niliisema vibaya. Nilikuwa nimesahau jambo ninalowafundisha wanafunzi siku zote: kabla ya kumpa mgonjwa dawa, msikilize kwanza.

Siku moja nilikwenda kwake, nikaomba msamaha, nikamwuliza: "Kwa nini hutaki?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mara ya mwisho miye kukimbia katika barabara ile, nilikuwa na mtoto mgongoni na risasi nyuma yangu. Sasa unataka nikimbie kwa kujifurahisha?"

Sikuwa na jibu.

3. Sikiliza sababu yake kwanza

Mwenzako akikataa, usimwite mvivu. Anayo sababu. Hizi ndizo tunazozisikia mara nyingi:

(a) "Kukimbia ni kwa vita." Hapa kwetu mtu akikimbia, majirani hutoka nje na kuuliza: "Kuko nini? Nani anakufukuza?" Si upumbavu. Kijiji chetu kiliona mauaji ya Mei 2000. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa bonde hili walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine kwa kuogelea. Miguu inakumbuka. Basi usimlazimishe mwenzako kukimbia. Mwambie: "Tutembee tu." Usimkimbilie kwa nyuma. Kaa kando yake. Kama moyo wake unapiga kwa hofu, simameni, mpumue polepole. Kutembea kwa haraka kunatosha kabisa, hata kama hatakimbia kamwe.

(b) "Nikikonda, watu watasema niko mgonjwa." Ni kweli, watu husema. Kwa hiyo usizungumze habari ya unene wake. Shabaha si kukonda. Shabaha ni moyo wenye nguvu na usingizi mzuri. Tansio inaweza kushuka hata mwili usipopungua.

(c) "Mbio huharibu tumbo la uzazi." Maneno hayo ni ya zamani, nao Wazungu waliyaamini. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 katika michezo ya Olimpiki. Baada ya hapo wakuu wa michezo waliziondoa mbio hizo, wakisema zinazidi nguvu za mwanamke. Hazikurudishwa mpaka 1960. Marathoni ya wanawake ilikimbiwa katika Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1984 tu. Leo tunajua zaidi. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda mita 1500 za Olimpiki mwaka 2016. Mwaka 2018 akazaa mtoto. Akapumzika, akarudi mashindanoni 2019, kisha akashinda tena Olimpiki iliyofanyika 2021, na tena 2024. Uzazi haukuzuia mbio, wala mbio hazikuzuia uzazi. Lakini tazama vizuri: alipumzika kwanza.

(d) "Bwana ataniuliza ninakwenda wapi asubuhi hiyo." Ana haki ya kujua. Mwambieni pamoja, wewe na mwenzako, kabla ya kuanza. Mwonyesheni njia mtakayopita na saa ya kurudi. Bwana akitaka kuja, na aje.

(e) "Sina nafasi." Huenda ni kweli. Mwulize ni kazi gani ya asubuhi inayomfunga. Ukimsaidia kuchota maji, dakika ishirini zitapatikana. Na safari ya maji yenyewe, mkienda kwa haraka, ni zoezi.

4. Hatua za kumvuta

Kwanza, anza wewe. Watu hufuata wanachokiona zaidi ya wanachokisikia. Fanya mwezi mzima bila kuhubiri.

Pili, omba msaada badala ya kutoa amri. Usiseme: "Weye unahitaji kukimbia." Sema: "Miye naogopa kwenda peke yangu. Unisindikize mpaka kwenye ule mwembe." Rafiki akikataa kuamriwa, mara nyingi hakatai kusindikiza.

Tatu, patana naye siku na mahali. "Siku moja tutakwenda" haina siku. "Jumanne, mlangoni kwako, kukicha" ina siku. Nenda umchukue.

Nne, fuata mwendo wake. Mwenye nguvu humngoja mnyonge. Kipimo ni hiki: mkiweza kuzungumza lakini hamwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Mkishindwa hata kuzungumza, mmezidisha, punguzeni.

Tano, asipokuja, usimgombeze. Mtoto amelala na homa, au mgeni amefika. Mpitie tena siku inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sita, mkiwa wawili mtafutieni wa tatu. Mtu mmoja akikimbia, watu hucheka. Watu watano wakipita, watu huuliza: "Na miye niweze kuja?" Ng'ambo ya Ruzizi, huko Bujumbura, watu wamezoea tangu zamani kukimbia kwa vikundi mwisho wa juma, wakiimba. Kule Kigali, tangu 2016, kuna siku zilizotengwa ambapo barabara fulani hufungwa kwa magari, watu wakatembea na kukimbia, na wauguzi huwapima tansio na sukari bila malipo. Kikundi huondoa haya.

Lakini jifunzeni neno jingine la Bujumbura. Mwaka 2014 wakuu wa mji ule walikataza vikundi kukimbia barabarani, wakawapangia mahali maalumu, kwa sababu ya hofu za siasa. Basi ninyi pia, mkiwa kikundi, mjulishe shefu wa kijiji: ni nani, siku gani, na njia ipi.

5. Utaratibu wa majuma manane

Fanyeni siku tatu kwa juma, na kupumzika siku moja katikati.

Juma la 1 na la 2: tembeeni kwa haraka dakika 20. Msikimbie.

Juma la 3 na la 4: tembeeni dakika 5. Kisha kimbieni polepole dakika 1, tembeeni dakika 2. Rudieni mara sita. Hakuna saa? Kimbieni kutoka mti mmoja mpaka mwingine, tembeeni miti miwili.

Juma la 5 na la 6: kimbieni dakika 2, tembeeni dakika 2. Rudieni mara sita.

Juma la 7 na la 8: kimbieni dakika 4, tembeeni dakika 2. Rudieni mara tano.

Juma moja likiwashinda, lirudieni. Hakuna mashindano. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa juma, au akimbie dakika 75. Dakika 25 za mbio, siku tatu, zimetosha. Na aliye chini ya hapo amekwisha kupata faida kuliko aliyekaa.

6. Mambo ya kuangalia

Bonde letu lina joto. Kimbieni kukicha, jua halijapanda. Lakini msitoke gizani, wala msipite peke yenu mahali pasipo na watu. Siku yenye habari ya vita, kaeni. Tembeeni ndani ya lupango. Mkifika kizuizi cha askari, msikimbie hata kidogo. Tembeeni, mikono ionekane.

Kunyweni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwa maana kolera iko katika eneo letu.

Msikimbie na kambambili; zitawaangusha. Viatu vya kufunga, hata vya zamani, ni bora. Funga matiti vizuri kwa sidiria au kitambaa. Kikwembe kirefu hunasa miguu. Vaa suruali au bukuta chini yake.

Mama mwenye mimba: kutembea ni kuzuri, kama muganga hajakukataza. Usianze mbio mpya wakati wa mimba.

Mama aliyezaa: anza kutembea polepole unapojisikia vizuri. Kwa mbio, ngoja miezi mitatu hivi. Uliyepasuliwa, uulize muganga kwanza. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka. Matiti yatakuwa mepesi. Mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa.

Mkojo ukitoka kidogo unapokimbia, usifiche. Rudi kwenye kutembea, umwambie muuguzi. Yapo mazoezi ya kukaza misuli ya chini. Lakini mkojo au choo kikivuja siku zote bila kuzuilika, hiyo huenda ni fistula. Si laana wala aibu. Hutibiwa kwa kupasuliwa, kwa mfano katika hospitali ya Panzi, Bukavu.

Usikimbie ukiwa na homa. Usikimbie kama tansio ni 180 kwa 110 au zaidi. Uone muganga siku hiyo hiyo. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata, simama, uje hospitali.

7. Mwisho wa habari ya rafiki yangu

Huyo mama sasa tunakwenda pamoja Jumanne na Alhamisi. Mwanzoni tulitembea tu, mwaka karibu mzima. Sikutaja mbio tena. Asubuhi moja, mimi nikiwa nazungumza habari ya bei ya mchele, yeye mwenyewe alianza kukimbia polepole. Akafika mwembe wa pili, akasimama, akageuka kunitazama, akasema: "Leo hakuna mtu aliyenifukuza."

Bado anakunywa dawa yake. Namba imeshuka kidogo. Nami nimeacha kuhesabu namba yake. Nahesabu siku tulizokwenda pamoja.

Mama, ukirudi nyumbani leo, usichukue somo zima. Chukua jambo moja: fikiri mwenzako mmoja anayekaa kutwa, nenda kwake, umwombe akusindikize.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KWENYE BENCHI

1. Ni mama yupi hahitaji kuhimizwa kukimbia? Kwa nini?
2. Mwenzako akisema "kukimbia ni kwa vita," utamjibu nini? Au utanyamaza?
3. Kwa nini si vema kumwambia rafiki habari ya unene wake mbele ya watu?
4. Mtajuaje kwamba mwendo wenu umezidi?
5. Tansio yako ilipimwa lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, mwambie muuguzi leo kabla hujatoka.