Si Maandishi Yote ni ya Kutekelezwa

Ramadhani iliyopita niliandika programu ndogo ya Python ya kukokotoa zaka kwa ajili ya jumuiya yetu. Mtu aliandika hesabu, mfano "12000000/40", nami nikaipa eval. Kazi ya eval ni kuchukua maandishi na kuyatekeleza kama sehemu ya programu. Jibu likatoka 300000.0, nikafurahi.

Ndugu mmoja akaniuliza, "Na mtu akiandika amri badala ya hesabu?" Akaandika amri ya kufuta faili. Faili langu la majaribio likatoweka. Lingekuwa daftari la wachangiaji je? Hiyo ni amana.

Sasa napokea kiasi cha mali tu, nakigeuza namba kwa float, na kugawanya kwa 40 kunafanywa na programu yenyewe. Ukihitaji kusoma orodha, tumia ast.literal_eval, husoma namba, maneno na orodha, lakini hukataa amri.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatufunza kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi. Tuhakiki na maandishi tunayoletewa. Wabillahi tawfiq.