Mwaka mmoja Denmark: haki zako zinaanzia kwenye kibali

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hawakosekani vijana wanaotaka kuvuta pumzi kabla ya chuo: mwaka mmoja wa kuona dunia, kujifunza lugha na kuweka akiba kidogo. Denmark, Sweden na Norway zinatajwa sana katika mipango hiyo kwa sababu zina sifa ya usalama na ya kumheshimu mfanyakazi. Sifa hiyo ina msingi. Lakini mgeni hapewi haki zote kwa mkupuo. Anapata zile zinazoambatana na kibali alichoingilia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli, uliza utaingia kwa kibali gani.

Kuna mlango unaotangazwa sana ambao kwetu haupo. Ni ile viza ya kusafiri huku ukifanya kazi, inayotolewa kwa vijana. Hutolewa kwa mapatano ya nchi na nchi, na Denmark imepatana na nchi kama Argentina, Australia, Canada, Chile, Japani, Korea Kusini na New Zealand. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki katika orodha hiyo. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda akiambiwa alipie viza ya aina hiyo, anauziwa hewa.

Viza ya Schengen, inayotumika katika nchi zote hizo tatu, ipo, ila ni ya matembezi: siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Haikupi ruhusa ya kufanya kazi, wala haitoshi kwa mwaka. Ukinyimwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kuelezwa namna ya kukata rufaa. Wakala anayekwambia "wamekataa tu" bila kukuonyesha barua hiyo anakuficha jambo, na mara nyingi linahusu nyaraka alizozipeleka yeye.

Njia ambayo vijana wengi huambiwa ni ile ya au pair: unaishi na familia, unasaidia watoto na kazi ndogo za nyumbani, wao wanakupa chumba, chakula na fedha za matumizi. Norway imeifuta. Kuanzia tarehe 15 Machi 2024 haipokei maombi mapya ya kibali hicho kwa watu wa nje ya Ulaya, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba familia zilikuwa zinajipatia watumishi wa bei rahisi. Anayekutafutia "familia Oslo" leo, mwombe akuonyeshe sheria anayoitegemea.

Denmark ina masharti, na ni mazuri kwa anayeyajua. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 29, asiwe na mtoto, na asiwe amewahi kufunga ndoa. Kazi ni saa 18 hadi 30 kwa wiki, kati ya saa tatu na tano kwa siku, na angalau siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki. Unapaswa kuwa na chumba chako mwenyewe. Familia ndiyo inayogharimia kozi ya Kidenmark, bima ya ajali na ya kurudishwa nyumbani ukiugua sana, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi kwa anayetoka nchi za mbali kama zetu. Kiwango cha chini cha fedha za matumizi hupangwa upya kila mwaka. Miaka ya karibuni kimekuwa karibu krone 5,000 kwa mwezi. Zinakatwa kodi, na thamani ya chakula na malazi nayo huhesabiwa kwenye kodi hiyo, kwa hiyo usiandike bajeti kwa fedha ambazo hazitafika mkononi.

Nayasisitiza haya kwa sababu vijana wetu huondoka na picha ya dada wa kazi wa hapa nyumbani, ambaye siku yake huanza kabla ya adhana ya alfajiri na kwisha wenye nyumba wakishalala. Wakifika huko, wakiamriwa kufanya kazi saa kumi kwa siku, huona ndiyo ada ya ugeni na hunyamaza. Sheria ya Denmark haimtambui au pair kama mtumishi wa ndani. Saa zikizidi, hiyo ni kazi isiyo na kibali, na familia inaweza kutozwa faini na kuzuiwa kupokea mwingine. Andika saa zako kila siku kwenye daftari, na tarehe. Daftari hilo litakufaa kuliko machozi.

Kuna upande wa pili ambao haupendezi kuusikia. Kibali cha au pair hakikupi ruhusa ya kufanya kazi nyingine yoyote. Ukienda Jumamosi kumfanyia jirani usafi kwa fedha taslimu, wewe ndiye unayevunja sheria, na unaweza kufukuzwa nchini. Ukitaka kuhama familia, usihame kimyakimya. Kibali kimefungwa kwa familia iliyoandikwa, na ile mpya inahitaji maombi mapya kwa SIRI, wakala wa serikali ya Denmark unaoshughulikia wafanyakazi na wanafunzi wa kigeni.

Sweden nayo inapokea au pair, kwa masharti yake: umri wa miaka 18 hadi 30, kazi isiyozidi saa 25 kwa wiki, kazi na masomo ya Kiswidi kwa pamoja visivyozidi saa 40, na malipo yasiyopungua krona 3,500 kwa mwezi kabla ya kodi.

Wanaotaka kusoma wana vyuo vya wananchi, vilivyoanzia Rødding, Denmark, mwaka 1844 kwa fikra za mwanafalsafa wa Kidenmark N.F.S. Grundtvig. Mtanzania hana haja ya kuelezwa sana habari zake, kwani Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ni jamaa wa ukoo huo. Katika vile vya Denmark hakuna mitihani wala alama. Ada ipo, na kibali hutolewa kwa anayeonyesha kwamba anaweza kujilipia. Usipange kuilipa kwa vibarua utakavyovipata ukifika.

Norway ina Norec, taasisi ya serikali inayogharimia mabadilishano ya vijana na wafanyakazi kati ya taasisi za Norway na zile za Afrika na Asia. Kwa maoni yangu ndiyo njia salama kuliko zote, ila mtu binafsi haombi Norec moja kwa moja. Anaomba kupitia taasisi iliyo mshirika. Nafasi hiyo haiuzwi.

Sasa mambo ya huku nyumbani. Tanzania, wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Ukiwa na shaka, ulizia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Kenya, orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Kila shilingi unayotoa, dai risiti yenye jina la kampuni. Kulipa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi ni kujitafutia kesi ngumu.

Kama una nafasi ya chuo, omba kwa maandishi kuahirisha, na subiri jibu la maandishi. Mkopo wa masomo nao una taratibu zake, na kimya chako kinaweza kuhesabiwa kuwa umeacha. Ukiwa kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania, shughulikia wito huo kwanza.

Pasipoti yako asiishike mtu, awe wakala au mwenyeji. Ni mali ya serikali iliyoitoa, na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Kuishikilia ili usiondoke ni dalili inayojulikana ya usafirishaji haramu wa binadamu, kosa chini ya sheria ya 2008 Tanzania na ya 2010 Kenya. Ukiwa hatarini Denmark au Sweden, piga 112. Norway, 112 ni ya polisi na 113 ni ya gari la wagonjwa.

Na kama umeshalipia kibali kisichokuwepo, usione haya. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 313 ya Kenya. Kwa Kenya, madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanasikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo. Tanzania, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017 hutoa ushauri bure. Hifadhi ujumbe wote wa simu, chapisha miamala, kisha nenda polisi kabla wakala hajabadilisha namba.