Upendo Usiotambuliwa

JUMANNE

Soma Hosea 11:1–4 na Mathayo 3:16, 17. Je, mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu namna Mungu anavyoonesha upendo wake kama Mzazi?

Baba mmoja wa Bomang'ombe anauza mahindi yake ili alipe ada. Mama anadamka kukata majani ya ng'ombe ili watoto wapate maziwa. Hakuna anayemkumbatia mtoto wala kumwambia, "Nakupenda, mwanangu." Mtoto huyo, akiona kwenye televisheni wazazi wanaowabusu watoto wao, anaweza kujiuliza: Je, mimi napendwa?

Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alianza kuwatembelea watoto wachanga na mama zao katika familia 26 vijijini karibu na Kampala, Uganda. Hakuona kukumbatiana na kubusiana kama alivyozoea kuona kwa Wazungu. Lakini mama aliporudi nyumbani, watoto wengi walimpokea kwa kupiga makofi. Ishara ilikuwa tofauti, upendo ulikuwepo. Aliona pia kwamba watoto waliokuwa na utulivu zaidi ni wale ambao mama zao waliweza kueleza habari zao kwa undani. Mama hao waliwafahamu watoto wao.

Basi tusihukumu upendo wa kimya, wala tusijifiche nyuma ya mila. Katika Hosea, Mungu anamfundisha Efraimu kutembea, anambeba na kumlisha. Hata hivyo, fungu la 3 linasema neno la kusikitisha: mtoto hakutambua ni nani aliyemponya. Mzazi anaweza kutoa kila kitu, na mtoto asijue. Pale Yordani, Baba hakunyamaza. Kabla Yesu hajafanya muujiza wowote, alitangaza mbele ya watu kwamba huyu ni Mwanawe, naye anapendezwa naye.

Mzazi, ada ni upendo; mwambie mtoto hivyo. Keti naye, umwulize habari zake, umsikilize. Nawe uliyekua bila kusikia neno hilo, utakapopanda nyumbani Desemba, itazame mikono ya baba na mama yako. Huenda walikwambia kwa miaka mingi, kwa lugha ambayo hukuitambua.

Je, mtoto wako anaogopa nini, na anafurahia nini? Ikiwa hujui, utaanzaje kumfahamu juma hili?