Ghala la Kudumu kwa Kompyuta za Ofisi Ndogo

Wenzangu wengi wamekwisha kujifunza kuendesha programu ndani ya makontena, lakini ni wachache wajiulizao maandishi hukaa wapi. Kontena likifutwa, yote yaliyoandikwa ndani yake hupotea pamoja nalo. Ofisi moja niijuayo ilikuwa na kompyuta 3 zilizounganishwa kwa Kubernetes, na daftari la karo liliwekwa katika diski ya mashine moja tu. Diski ile ilipokufa, Kubernetes iliwasha programu katika mashine ya pili, lakini daftari lilikuwa tupu! Karani alikaa wiki mbili akiandika upya kutoka katika stakabadhi za karatasi.

Dawa yake ni ghala lililoenea katika mashine zote. Kwa ofisi ndogo mimi napendelea Longhorn. Ceph ni hodari zaidi, lakini yataka kompyuta zenye nguvu na mtu wa kuitunza. Kwanza kila mashine itiwe open-iscsi, maana bila hiyo ghala halishikani na mashine. Kisha programu huomba nafasi, tuseme gigabaiti 20, na Longhorn huweka nakala 3, kila moja katika mashine yake.

Hapo tupige hesabu. Diski 3 za gigabaiti 500 ni gigabaiti 1,500, lakini kwa nakala 3 utapata 500 tu, nazo usizijaze zote. Tena andiko halikubaliwi mpaka nakala zote zimelipokea. Waya wa gigabiti 1 hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, wala hauzidi. Nakala 2 za mbali zikigawana waya huo, kila moja hupata kama 60. Kwa daftari la karani yatosha sana. Diski za kuzunguka usizijaribu, ni mateso.

Mashine moja ikizimika, nakala 2 huendelea. Usishangae programu isipohama papo hapo: Kubernetes hungoja kama dakika 5, na mara nyingine yabidi mtu aiondoe kwa mkono.

Lakini nakala 3 si akiba. Karani akifuta jina la mtoto kwa makosa, limefutika katika zote 3 mara moja. Kwa hiyo kila usiku akiba ipelekwe nje ya kundi, katika mashine nyingine kwa njia ya NFS, na kila muhula mjaribu kuirudisha. Ofisi ile sasa yafanya hivyo. Karani bado huweka stakabadhi zake kabatini, wala simlaumu.