Kompyuta ya zamani ndani ya mashua

SWALI: Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 2, na Windows inaikwamisha. Nikiweka Linux, itaweza kuniongoza kwa mashua ya tanga kutoka Muleba hadi kisiwa cha Bumbire, ambako mtandao hukatika?
Msomaji, Muleba

JIBU: Itaweza, ndugu yangu. Weka Debian yenye mwonekano mwepesi wa LXQt, pamoja na OpenCPN, programu ya bure ya kuongozea vyombo. Kama prosesa ni ya biti 32, chukua Debian 12. Toleo la 13 la mwaka 2025 halina kisakinishi cha mashine hizo. Pakua vyote ukiwa Bukoba mjini.

GPS haihitaji intaneti, kwani kipokezi husikiliza satelaiti moja kwa moja. Chomeka cha USB. Wengi hukwama hapa: kipokezi kinawaka lakini OpenCPN haikioni, kwa sababu mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout. Andika «sudo adduser jinalako dialout», kisha zima na kuwasha kompyuta.

Ninachokisisitiza zaidi ni ramani. Usitegemee kwamba itakuonyesha kila mwamba wa Ziwa Victoria. Siku ya utulivu, safiri mchana na mzoefu wa njia hiyo, uirekodi, kisha uihifadhi na kwenye flashi.

Kuhusu kuchaji kompyuta mashuani, inveta hupoteza umeme. Tafuta chaja inayotumia betri ya volti 12 moja kwa moja. Dira na jaketi la kujiokolea viwemo daima, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize kabla hujatweka tanga.