Kompresa Ndogo ya Hewa: Kipande Kilicholegea na Kipande Kilichopotea

Kompresa ni mashine inayoshindilia hewa katika tangi ili itumike baadaye kujaza upepo katika magurudumu, kupulizia rangi au kupeperusha vumbi. Kwa kuwa mashine hii hutikisika kila inapofanya kazi, nati zake hulegea, na vipande vidogo hudondoka na kupotea. Hapo ndipo mtu hushawishika kutafuta kitu chochote kinachoenea katika tundu lililobaki wazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuenea hakutoshi: kabla ya kuziba tundu, sharti tujue kipande kilichopotea kilikuwa na kazi gani.

Kanuni inayotawala

Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba, halijoto isipobadilika, mjao wa gesi hupungua kwa kadiri ile ile ambayo kanieneo yake inaongezeka. Kanieneo ni kani inayogandamiza kila kizio cha eneo.

Tuchukue tangi la lita 24 ambalo geji yake inaonyesha kilopaskali 800, yaani 8 katika geji yenye alama za bar. Geji huanza kuhesabu juu ya kanieneo ya hewa ya nje, ambayo ni kama kilopaskali 100. Kwa hiyo kanieneo kamili ni 900. Hewa iliyomo, ikiachiwa huru, itajaza lita 24 × 9, yaani lita 216.

Sasa tutazame kani. Ikiwa kipenyo cha tangi ni sentimita 20, eneo la mviringo wa upande mmoja ni kama meta mraba 0.0314. Tukizidisha kwa paskali 800,000, tunapata nyutoni 25,000 hivi, sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Kani hiyo yote inasukuma upande mmoja wa tangi linaloweza kubebwa kwa mkono.

Vipande na kazi zake

Vali ya njia moja huruhusu hewa iingie tangini na kuizuia isirudi kwenye silinda. Mota inapozimika, kompresa nyingi hutoa mvumo mfupi wa hewa iliyobaki katika bomba, ili mota ianze tena bila mzigo. Mvumo huo usipokoma, yaelekea vali ya njia moja haifungi: imeingia uchafu, au kifuniko chake kidogo au springi yake imeharibika.

Kichujio cha hewa kikipotea, mashine huendelea kufanya kazi kama kawaida, na mwenyewe huona hakuna hasara. Lakini vumbi huingia katika silinda na kuikwaruza pamoja na pete za pistoni, mpaka mashine ishindwe kujaza tangi.

Vali ya kutolea maji hukaa chini ya tangi. Unyevu wa hewa hugeuka maji ndani ya tangi, na maji huleta kutu inayokula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

Vali ya usalama hufunguka yenyewe kanieneo inapopita kiasi. Kwa kawaida swichi huzima mota mapema. Lakini swichi ikikwama, mota huendelea kushindilia hewa, na vali hii ndiyo mlinzi wa mwisho. Bolti inaweza kuenea barabara katika tundu lake, ikazuia hewa isivuje, na fundi akaridhika. Kumbe ameondoa njia pekee ya kuliokoa tangi lisipasuke. Vali hii isizibwe kamwe, wala springi yake isikazwe. Inunuliwe nyingine isiyozidi kiwango cha kanieneo kilichoandikwa kwenye tangi.

Utaratibu wa matengenezo

1. Chomoa waya wa umeme. Toa hewa yote mpaka geji isome sifuri, na uache vali ya kutolea maji wazi.
2. Kagua bolti za kichwa cha silinda, skrubu ya puli na kinga ya mkanda. Bolti za kichwa zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, ili gaskiti igandamizwe sawasawa.
3. Maungio ya bomba yenye nyuzi yazungushiwe tepu ya mafundi bomba kabla ya kukazwa.
4. Jaza hewa kidogo, zima mashine, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yataonyesha panapovuja. Usikaze kitu chochote tangi likiwa na hewa.
5. Tangi lililoliwa na kutu lisichomelewe wala kuzibwa kiraka, liondolewe kazini.

Mazoezi

1. Tangi la lita 50 lina hewa ya kilopaskali 600 katika geji. Hewa hiyo itajaza lita ngapi ikiachiwa huru?
2. Mara baada ya kompresa kuzimika, geji hushuka kidogo hata pasipo kuvuja. Eleza sababu.

Majibu: (1) Lita 350. (2) Hewa hupata joto inaposhindiliwa. Ikipoa katika mjao ule ule, kanieneo yake hupungua. Kwa hiyo anayepima uvujaji kwa geji angoje kwanza tangi lipoe.