Mashine Ikizeeka, Mlima Haujabadilika

Wanachuo wenzangu, tuchukue mawe mawili ya Kilimanjaro: basalti ya Shira na fonolaiti ya Kibo. Yote yametoka kwenye volkano, na kwa macho unaweza kusema ni ndugu. Tofauti yao iko kwenye kemia, maana fonolaiti ina sodiamu na potasiamu nyingi zaidi. Maabara za jiokemia hupima hayo kwa mashine ya eksirei. Sasa mashine hiyo ikizeeka, tunaibadilishaje?

Kwanza tujue inavyofanya kazi. Jiwe husagwa, kisha unga wake hugandamizwa kuwa kidonge. Eksirei zikikipiga kidonge, zinang'oa elektroni za ndani ya atomu. Elektroni ya juu inashuka kuziba pengo, na atomu inatoa eksirei yenye nishati inayotambulisha elementi. Henry Moseley ndiye aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba nishati hizo hupanda kwa mpangilio kufuata namba ya atomu. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27 tu.

Uzee wa mashine hauji na kelele. Tyubu inayotoa eksirei hufifia kidogo kidogo. Tuseme chuma kwenye jiwe fulani kilikuwa kinatoa mapigo 1,000 kwa sekunde, leo yanatoka 900. Usiporekebisha, oksaidi ya chuma ya asilimia 12 itasomeka 10.8. Mtu anaweza kudhani amegundua aina mpya ya jiwe, kumbe tyubu imechoka! Uchafu kwenye dirisha la mashine nao huumiza zaidi elementi nyepesi kama sodiamu, kwa sababu eksirei zake ni dhaifu. Yaani tunapoteza kilekile kinachotenganisha mawe yetu mawili.

Wengi tunadhani dawa ni kununua mpya na kutupa ya zamani siku hiyohiyo. Hapana. Kubadilisha mashine ni kubadilisha rula. Kabla ya kuzima ya zamani, pima sampuli zilezile kwenye zote mbili, zikiwemo sampuli za rejea ambazo majibu yake yanajulikana. Mfano ni BHVO-2, basalti ya Hawaii yenye silika asilimia 49.9. Mashine zikitofautiana, tofauti hiyo iandikwe. Bila hivyo, vipimo vya miaka yote ya nyuma haviwezi kulinganishwa na vya kesho.

Pia tuulize swali kabla ya bei. Vigunduzi vingi vya zamani vilihitaji naitrojeni kimiminika. Vya kisasa vya silikoni hupozwa kwa umeme, nafuu kubwa kwa maabara iliyo mbali na kiwanda cha gesi. Lakini kama shida yetu ni floraidi kwenye maji, ile inayopaka meno rangi ya kahawia katika maeneo haya, mashine hii si chaguo sahihi. Florini ni nyepesi mno. Elektrodi ya floraidi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu kishughulikiwe mapema.

Sisi wa ualimu tukienda BTP tutakuta mizani na vipimajoto vilivyochoka. Kanuni ni ileile: usikizike kipimo cha zamani kabla hakijamkabidhi mwenzake kazi.